Mwaridi wa uani usishindane na wa Naivasha

Katika miji ya Pwani, kuanzia Lamu hadi Tanga, si ajabu kuingia uani mwa nyumba na kukuta asumini na rihani vimestawi kwa miaka mingi, kisha pembeni kuna chungu kitupu ambamo mwaridi ulipandwa ukafa. Lawama hupewa jua. Lakini mwaridi ni mti wa jua, nao huhitaji saa 6 au zaidi za mwanga kila siku. Kinachowatia hasara wenye nyumba, pamoja na wale wanaofikiria kuuza maua, ni mche usiofaa, maji ya chumvi na soko ambalo halikufikiriwa kabla ya jembe kushikwa.

La kwanza kuzungumzwa liwe soko, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Waridi jekundu lenye kikonyo kirefu linalofungwa kwa karatasi na kuuzwa mijini ni zao la nyanda za juu. Naivasha iko takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na mashamba ya Arusha nayo yako mahali penye usiku wa baridi. Baridi hiyo hulifanya ua likue polepole, kichwa kikajaa na kikonyo kikarefuka. Mti huohuo ukishushwa Mombasa au Unguja hukimbilia kuchanua, ukatoa ua dogo lenye kikonyo kifupi. Hata Oman, nchi ya joto yenye sifa ya maji ya waridi, hulima mawaridi yake juu ya milima ya Jebel Akhdar, kwenye kimo cha takriban mita 2,000.

Mkulima wa Pwani anayetaka kushindana na bara kwa urefu wa kikonyo basi ameshindwa kabla hajaanza. Bahati nzuri ni kwamba Pwani yenyewe haina haja kubwa na kikonyo. Anayetunga vikuba anataka petali na harufu. Anayepamba sinia za harusi au kitanda cha bibi harusi anataka petali kwa kikapu. Biashara hizo zinaweza kulishwa na miwaridi mifupi, ile isiyozidi goti au kiuno, inayotoa maua madogo kwa vichala na kuchanua tena na tena mwaka mzima. Kuna na soko la pili ambalo wachache wamelitazama: kuuza mti wenyewe ukiwa ndani ya chungu, umechanua, kwa wenye nyumba, hoteli na wageni wa Idi.

Harufu ndiyo silaha ya uani. Mawaridi mengi ya mashamba makubwa yalichaguliwa kwa uwezo wa kukaa siku nyingi ndani ya chombo cha maji na kustahimili safari ya ndege, na katika kuchagua huko harufu iliachwa nyuma. Isitoshe, hupuliziwa dawa za wadudu na ukungu, hivyo si maua ya kuweka kwenye chakula wala ya kupachika nyweleni bila kufikiri. Mwenye uani anayeweza kumwambia mteja kwamba petali zake hazikuguswa na dawa ana bidhaa ambayo lori la kutoka bara halina. Lakini asidanganye, akipulizia, aseme.

Si kila mwaridi mfupi mwekundu una harufu, na hapa mnunuzi hana msaidizi isipokuwa pua yake. Anunue mche ukiwa na ua, aunuse asubuhi, na aulize kama umebebeshwa juu ya shina jingine au umeoteshwa kwa kipandikizi. Miwaridi midogo hukubali vizuri vipandikizi, na iliyooteshwa hivyo haina shina la chini linaloweza kuchipua na kuumeza mti uliokusudiwa. Kipandikizi cha sentimita 15 hivi, unene wa penseli, kikiwekwa kivulini ndani ya mchanga wenye unyevu na kufunikwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, hutoa mizizi kwa wiki 4 hadi 6. Jamii ya miwaridi yenye asili ya China, ambayo ndiyo iliyowapa wazalishaji wa Ulaya sifa ya kuchanua mara kwa mara, huvumilia joto kuliko jamaa zake. Mmojawapo ni Cramoisi Supérieur, mwekundu na mfupi, uliotolewa Ufaransa mwaka 1832.

Sasa maji, na hapa ndipo hesabu inapouma. Chungu chenye upana wa sentimita 30 hutaka lita 1 hadi 2 kwa siku ya kaskazi. Vyungu 20 ni kama madumu 2 ya lita 20 kila siku. Anayenunua maji ya mkokoteni ajumlishe gharama hiyo kwa mwezi kabla ya kununua mche hata mmoja. Anayetegemea kisima ajue kwamba mwaridi ni miongoni mwa mimea inayochukia chumvi sana. Maji ambayo ulimi unaonja chumvi yake tayari yamepita kiasi, na hata yasiyoonjeka yanaweza kuunguza kingo za majani polepole mpaka mti ukachoka. Mwenye nyumba husema umelogwa.

Mvua ni dawa rahisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la bati la mita 30 za mraba, likipata mvua moja ya milimita 20, hutoa karibu lita 600 zikitolewa zile za mwanzo zilizoosha vumbi. Hayo ni maji ya wiki 2 kwa vyungu 20. Pipa na mfereji wa bati ni mtaji wa kwanza wa kazi hii, kabla ya mbolea.

Udongo nao una mtego wake. Ardhi ya matumbawe ina chokaa nyingi, ndiyo maana majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mwaridi wa Pwani hukaa vizuri zaidi chunguni, kwenye mchanganyiko wa udongo mwekundu, samadi iliyooza vizuri na kitu cha kupitisha maji. Wengi hutumia makumbi ya nazi, na si vibaya, ila yasiwe yale yaliyozikwa ufukweni kwa ajili ya usumba, kwa kuwa yamekunywa bahari. Hata ya kawaida yaloweshwe na kusuuzwa mara kadhaa. Anayepanda ardhini aepuke kitalu kilichokuwa na bamia au nyanya zenye mizizi ya mafundo; minyoo fundo haijaondoka.

Masika huleta madoa meusi ya majani, ugonjwa wa ukungu unaohitaji jani libaki na maji kwa saa nyingi. Mwagilia asubuhi, chini ya shina, si juu ya majani. Acha nafasi ya upepo kati ya chungu na chungu. Okota kila jani lililoanguka na ulichome. Wakati wa kiangazi huja utitiri upande wa chini wa majani, nao hupungua kwa kupigwa maji kwa nguvu alfajiri.

Mwenye kuuza ana faida moja kubwa, nayo ni kwamba Pwani haina majira ya baridi, hivyo mkasi ndio kalenda. Baada ya kupogolewa kidogo, mwaridi mfupi huchanua tena kwa takriban wiki 6. Anayelenga harusi za Mfunguo Mosi apogoe katika Ramadhani, si baada ya Idi. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, tarehe hiyo ipigwe upya kila mara. Anayelenga Februari 14 ashike mkasi mwanzoni mwa Januari.

Kuna jambo la sheria ambalo wauza miche hawapendi kulitaja. Kenya ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV, mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2015. Maana yake ni kwamba mwaridi mpya wenye ulinzi hauruhusiwi kuzalishwa kwa ajili ya kuuza bila idhini ya mwenye haki. Aina za zamani kama huo wa mwaka 1832 hazina mwenyewe. Wauza miche wa kando ya barabara wanapaswa kubandika jina la aina kwenye kila chungu na kusema kama mche umebebeshwa, na maofisa wa kilimo wa Pwani wangesaidia sana kama wangekuwa na kipimo cha chumvi cha kupima maji ya visima kwa yeyote atakayeleta chupa. Mpaka hapo, familia yenye hamu na ianze na vyungu 5, maji ya mvua, na mnunuzi mmoja wa vikuba aliyekwisha kuulizwa atachukua petali ngapi kwa wiki.