Batli ya Kifaa Ipangwe Kabla ya Kufungwa Ukutani

Vifaa vinavyotutumikia kwa wingi siku hizi si vile tunavyoviweka mezani na kuvitazama, bali ni vile vidogo vilivyofungwa ukutani, juu ya mlingoti au ndani ya kasha la chuma, ambavyo aghalabu hatuvikumbuki mpaka siku vinapogoma: ruta ya zahanati, kamera ya lango la ghala, kidhibiti cha pampu ya kisima. Kila kimoja katika hivyo ni kompyuta kwa dhati yake, na ndani yake mna programu ndogo yenye kazi moja tu, nayo ni kuandika batli: saa fulani mtandao ulikatika, saa fulani mtu alijaribu nywila mara kadhaa akashindwa, saa fulani umeme ulirudi na kifaa kikaanza upya. Fundi anayeitwa kukitazama kifaa kilichozimika hana shahidi mwingine wa kutegemewa ila batli hiyo. Na dai langu ni kwamba shahidi huyo twamwua sisi wenyewe, kwa kununua mitambo na kuifunga pasipo kuuliza batli yake itaandikwa wapi, kwa kiasi gani, na nani atakayeisoma.

Desturi hii ya kuandika batli kwa mpangilio mmoja ni kongwe kuliko vifaa vyenyewe. Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley aliianzisha katika miaka ya 1980 kwa ajili ya Sendmail, programu yake ya barua pepe, na wenziwe wakaiazima kidogo kidogo hata ikawa kanuni ya watu wote kabla haijaandikwa rasmi. Hati ya kuieleza ilitoka mwaka 2001, na ile ya kuinyoosha ikafuata mwaka 2009. Kwa kanuni hiyo kila habari hupewa daraja ya uzito, tangu 0, ambayo ni hatari kuu, hadi 7, ambayo ni maelezo madogo madogo ya kuwafaa watengenezaji wa programu. Lakini mitambo ya zama zile ilikuwa na diski za kuhifadhi maandishi hayo, na kifaa kidogo hakina. Ruta ya Linksys WRT54G, iliyotoka mwishoni mwa 2002 na ambayo ndiyo chimbuko la mfumo wa OpenWrt unaoendesha ruta nyingi leo, ilikuwa na megabaiti 4 tu za hifadhi ya kudumu na 16 za kumbukumbu ya muda.

Katika nafasi finyu kama hiyo, kazi ya uandishi hukabidhiwa mara nyingi BusyBox, mkusanyo wa programu ndogo ndogo ulioanzishwa na Bruce Perens mwaka 1995 ili vyombo vya kusimikia mfumo wa Debian vitoshe katika disketi moja. Mwandishi wake wa batli, asipopewa amri nyingine, huandika katika faili moja. Faili likifika kilobaiti 200 huwekwa kando kuwa la zamani, jipya huanzishwa, na lile la zamani zaidi hutupwa. Anaweza pia kuamriwa aandike katika duara la kumbukumbu, mfano wa karani mwenye ubao mmoja ambaye, ubao ukijaa, hufuta mstari wa juu kabisa ili aupatie mstari mpya mahali. Mpango huo ni wa busara, ila una taksiri moja ambayo kwa nchi zetu ni kubwa: duara hilo, na mara nyingi hata lile faili, hukaa katika kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika vyote hupotea.

Hebu msomaji azingatie maana yake. Usiku ambao twahitaji ushahidi kuliko usiku mwingine wowote ni ule ambao umeme ulipanda na kushuka, ruta ikazimika, na dawa zilizotolewa zahanati hazikuingia katika mfumo. Naye fundi akifika asubuhi hukuta kifaa kinawaka, batli yake imeanza alfajiri ya siku ile, na jana haimo. Husema kifaa ni kizima, huondoka, na wiki ya pili huitwa tena. Gharama ya safari zile hulipwa na zahanati, wala si na kiwanda.

Yuko atakayejibu kwamba dawa ni nyepesi: tuandike kila kitu katika hifadhi ya kudumu. Jawabu hilo limekwisha kujaribiwa, na matokeo yake yako wazi. Magari ya Tesla ya Model S yaliyoundwa tangu 2012 hadi mapema 2018, na Model X tangu 2016 hadi mapema 2018, yalikuwa na chipu ya jigabaiti 8 iliyoandikwa mfululizo, batli zikiwa miongoni mwa maandishi hayo. Chipu za aina ile huvumilia kufutwa na kuandikwa upya kwa kadiri ya mara 3,000 hivi, kisha huchakaa. Zilipochakaa skrini zilizimika, na pamoja nazo picha ya kamera ya nyuma. Mwezi Februari 2021 kampuni ilirudisha magari yapata 135,000 kwa matengenezo, baada ya mamlaka ya usalama wa barabarani ya Marekani kuitaka ifanye hivyo. Ikiwa gari la thamani ile laweza kudhoofishwa na maandishi yake lenyewe, ruta ya bei ndogo itastahimili vipi?

Njia iliyo sawa hupita kati. Habari za kila siku zibaki katika duara la kumbukumbu. Zile za daraja 0 hadi 3 peke yake ndizo ziandikwe katika hifadhi ya kudumu. Na nakala ya zote ipelekwe papo hapo kwa kompyuta nyingine mtandaoni, kazi ambayo BusyBox na OpenWrt zote huiweza kwa kupewa anwani ya mpokeaji tu. Kompyuta kuukuu katika ofisi ya wilaya yatosha kupokea batli za zahanati zote. Sharti ifahamike, hata hivyo, kwamba njia ya kawaida, ya UDP katika poti namba 514, haina stakabadhi wala sitara: habari ikipotea njiani hakuna ajuaye, na apitaye aweza kuisoma. Kwa kuwa batli hubeba anwani za watu na vifaa vyao, na Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania tangu 2022, habari hizo zipitishwe katika njia iliyofichwa, na muda wa kuzihifadhi uwekewe mpaka.

Saa nayo isidharauliwe. Vifaa vingi vidogo havina betri ya saa, kwa hiyo vikiwaka hudhani bado ni siku fulani ya zamani mpaka viulize wakati mtandaoni. Na muundo wa kale wa batli hautaji mwaka wala majira ya nchi. Mlinzi atasema umeme ulikatika saa tatu usiku, batli ionyeshe 18:00 kwa saa za Greenwich, na watu wawili wakweli waonekane wanapingana.

Haya yote ni kazi ya muda mfupi kwa fundi ajuaye, nayo yaandikwe katika mikataba ya ununuzi wa serikali na mashirika. Kisha, kabla ya kutia sahihi ya kupokea mradi, mpokeaji auchomoe waya wa umeme mbele ya mkandarasi, angoje kifaa kiwake tena, na adai kuonyeshwa katika kompyuta ya ofisi ile mistari iliyoandikwa kabla ya waya kuchomolewa. Isipoonekana, malipo yangoje.