Pampu ya Mtu Mmoja

Sisi waendesha baiskeli wa Jumamosi hapa Moshi tuna ugonjwa wa gramu. Tunapima kiti, tunapima chupa ya maji, tunapima hata pampu. Mwenye pampu fupi kama kalamu ndiye mjuzi. Mwenye pampu ndefu kwenye fremu anaambiwa amebeba bomba la babu. Nami nilikuwa nacheka.

Siku moja tulikuwa watano, tunatoka Himo kupanda Marangu. Geti la mlima liko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, Moshi mjini hata 1,000 haifiki, kwa hiyo naelewa kwa nini mtu huanza kuchukia kila gramu. Kabla mlima haujakaza tulimkuta mzee mmoja kando ya barabara, keria imejaa majani aliyokata huko chini tambarare. Ng'ombe wa kihambani hachungwi. Majani humfuata bandani, mara nyingi kwa baiskeli. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Mwiba alishautoa, kiraka alishakibandika. Alichokosa ni upepo.

Tulikuwa na pampu tatu, vichupa viwili vya gesi, na mwenzetu mmoja aliyekuja mikono mitupu. Pampu yangu iliingia valvu nyembamba tu. Ya mzee ilikuwa nene, kama ya pikipiki. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu iliingia, ila haikuwa na mrija, ilibanwa moja kwa moja kwenye valvu, na kila ukisukuma valvu inayumba kama jino bovu. Tulisukuma kwa zamu, zaidi ya mara 200. Tairi likapata upepo wa kubeba mtoto, si mzigo ule. Mwenye gesi alishatumia kichupa kimoja asubuhi. Cha pili akakishika. "Na mimi nikipata pancha huko juu?" Hakuna aliyemjibu, maana wote tungeuliza hivyo hivyo.

"Asanteni kwa kusimama, vijana," mzee alisema, akaanza kuikokota baiskeli kupanda mlima.

Msiniambie mafundi wamejaa kila kona. Fundi yuko stendi; miiba iko njiani. Na msiniambie kila mtu abebe yake: anayebeba majani ndiye asiye na pesa ya pampu, na ndiye anayepita kwenye miiba kila siku, si Jumamosi tu.

Tena hata kwa ubinafsi wetu tunachagua vibaya. Pampu nyembamba hufikia presha kubwa bila kukutoa jasho sana, lakini kila msukumo huingiza upepo kiduchu. Hiyo ni ya matairi membamba ya lami. Tairi nene la njia za mashamba ya kahawa linataka upepo mwingi wa presha ndogo, paundi 30 hadi 40 hivi, yaani pampu yenye tumbo, yenye mrija usiong'oa valvu, na mdomo unaoingia valvu nene na nyembamba. Gesi nayo hupenya tyubu haraka kuliko upepo wa kawaida. Kesho yake unakuta tairi limelegea, na kichupa kimebaki chuma kitupu.

Babu hakuwa mshamba. Pampu yake ilishikwa na vishikizo kwenye fremu, na ndani ilikuwa na kipande cha ngozi. Ikikauka, unaifungua, unaipaka mafuta, inarudi kazini. (Ubaya wake ni sokoni: ukigeuka tu, haipo.)

Yangu ya sasa ina urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Naifunga kwenye kitambaa isiingie vumbi, naitia mgongoni. Wenzangu wanaiita bazuka. Tangu niinunue imejaza tairi la mwanafunzi mmoja na la mama muuza ndizi, langu bado. Jumamosi iliyopita, juu ya Kilema, mwenye vichupa aliniomba. Nilimpa, nikakaa kivulini, nikamwacha asukume mwenyewe.