Kipya Kinyemi: Utetezi wa Jokofu Lililotumika

Waswahili husema kipya kinyemi kingawa kidonda. Wengi huitaja methali hii wanapowacheka watoto na nguo zao za sikukuu, lakini ubaya unaotajwa ndani yake huonekana zaidi kwa watu wazima wenye fedha mkononi na safari mbele yao. Safari za nyikani zimekuwa desturi ya watu wengi katika Afrika ya Mashariki. Wako waendao Ruaha na Katavi kutazama wanyama. Wako wavukao jangwa la Chalbi kwenda Loiyangalani, ufuoni mwa Ziwa Turkana. Wako walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu wakaao vijijini juma mbili au tatu wakikusanya hadithi, nyimbo na misamiati ya kazi za mikono. Wote hawa hukutana na swali moja kabla ya kuondoka: chakula na dawa vitatunzwaje pasipo umeme? Deli lililojazwa barafu hutosha siku mbili au tatu, kisha hubaki maji. Jibu la kudumu ni jokofu dogo la safari, ambalo watu huliita friji ya gari: sanduku la lita 30 mpaka 60 hivi, litumialo umeme wa betri wa volti 12. Likiwa jipya na la jinsi njema, bei yake humtoa jasho mtu wa mshahara wa kawaida. Hapo ndipo ugomvi wa kipya na kikuukuu huanza.

Shauri litolewalo na wengi ni kwamba mtu anunue jipya, ijapokuwa fedha yake ni kidogo, kwa kuwa jokofu lililotumika ni ugonjwa wa mtu mwingine. Shauri hili limevaa kanzu ya busara. Hurudiwa dukani, barazani, na hata katika ofisi za ununuzi, ambako risiti ya kitu kipya huhesabiwa kuwa ngao dhidi ya lawama. Walakini likivuliwa kanzu hiyo, ndani yake hamna hesabu. Kwa fedha iwezayo kununua jokofu jema lililotumika, mpenda vipya aghalabu hupata chombo cha jinsi nyingine kabisa, kilichofanana na jokofu kwa umbo na kilichotofautiana nalo kwa kazi. Huko ni kulinganisha ngamia mzee na punda wa mbao, kisha kumchagua punda kwa sababu rangi yake haijachubuka.

Majokofu ya safari ni ya jinsi tatu. Jinsi ya kwanza huendeshwa kwa kompresa, yaani pampu ndogo isukumayo gesi ya kupozea ndani ya mabomba, sawa na jokofu la nyumbani. Jinsi ya pili hufanya baridi kwa nguvu ya joto, kwa moto wa gesi au wa mafuta ya taa. Ilibuniwa Sweden mwaka 1922 na Baltzar von Platen na Carl Munters, walipokuwa wanafunzi mjini Stockholm. Na majokofu ya mafuta ya taa ya jinsi hiyo yalihudumia misheni na zahanati nyingi za Afrika zisizokuwa na umeme. Sifa yake ni kubwa, lakini hutaka kukaa sawasawa juu ya sakafu iliyonyooka. Katika gari liyumbalo makorongoni hupoteza nguvu, na moto unaowaka ndani ya gari liendalo ni hatari isiyohitaji maelezo. Jinsi ya tatu haina pampu wala gesi. Umeme hupitishwa katika kibapa chenye vipande vya madini ya aina mbili, upande mmoja ukapoa na upande wa pili ukapata moto. Kanuni yake iligunduliwa na Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834. Hii ya tatu ndiyo nyepesi, ndiyo rahisi, na ndiyo ijazayo rafu za maduka.

Chombo cha Peltier hupunguza joto la mahali kilipo kwa nyuzi 15 mpaka 20 hivi, basi. Katika duka lenye kiyoyozi, ambamo joto ni nyuzi 24, hupoza soda vizuri, na mnunuzi hutoka akitabasamu. Chombo kilekile kikiwekwa ndani ya gari siku ya nyuzi 38, ndani mwake mtakuwa na nyuzi 18 au zaidi. Nyama na maziwa hutaka nyuzi 5 au chini yake. Juu ya hapo vijidudu huzaana upesi. Mwenye chombo hiki hubeba uozo katika sanduku zuri, naye hajui mpaka tumbo limjulishe.

Tena kuna suala la umeme. Chombo cha Peltier cha wati 48 huvuta ampea 4, na nyikani hakipumziki, maana hakifikii baridi kitakayo. Kwa siku moja hutumia ampea-saa 96, karibu betri nzima ya ampea-saa 100, ilhali betri ya kawaida ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Jokofu la kompresa la wati 45 nalo huvuta karibu ampea 4, lakini hunyamaza kila lifikapo baridi liliyoagizwa. Likifanya kazi nusu ya siku, hutumia ampea-saa 45 tu. Paneli ya jua ya wati 150 yaweza kurudisha kiasi hicho katika siku ya jua kali. Mwenye la kwanza huamka akakuta gari halina nguvu ya kuwaka. Mwenye la pili huamka akakuta maziwa ya chai. Tofauti hii haiondolewi na upya wa rangi wala na karatasi ya dhamana.

Yafuatayo basi ni madai yasiyopendwa na wenye maduka: jokofu la kompresa lililotumika miaka mitano, likiwa zima, ni bora kuliko chombo kipya cha Peltier kinunuliwacho kwa bei hiyohiyo. Sababu yake ni umbile la kompresa yenyewe. Imefungwa kabisa ndani ya kasha la chuma pamoja na mafuta yake, vumbi la barabara lisiifikie. Majokofu mengi yenye jina hubeba kompresa za Danfoss, ambazo biashara yake imeitwa Secop tangu mwaka 2010. Na yale ya Engel kutoka Japani hutumia pampu yenye kiungo kimoja tu kiendacho mbele na nyuma kwa nguvu ya sumaku. Vyombo vya namna hii hufanya kazi miaka mingi. Tena si kila kinachouzwa kimechoka. Wako wasafiri watokao Afrika ya Kusini au Ulaya kwa magari yao, wakamaliza safari Nairobi au Arusha, wakauza vyombo vyao kwa kuwa kuvirudisha ni gharama. Jokofu la mtu kama huyo huweza kuwa limekaribia kuwa jipya, ila limepoteza karatasi yake ya kufungia.

Msomaji asidhani kuwa yote haya ni kwa ajili ya vinywaji baridi vya watu wa anasa. Na afikiriwe mwanafunzi wa shahada ya pili mwenye ugonjwa wa kisukari, ambaye utafiti wake wamtaka akae juma tatu mahali penye joto kali na pasipo umeme. Insulini ya akiba hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikipata joto kali hudhoofika. Ikiganda hata mara moja, haifai tena. Akipewa chombo kipya cha Peltier kwa sababu kina risiti safi, amepewa hatari iliyopigwa mhuri. Akipewa jokofu la kompresa lililotumika, likapimwa kwa kipimajoto siku mbili kabla ya safari, na dawa ikawekwa mbali na ukuta ugandishao, amepewa ruhusa ya kufanya kazi kama wenzake. Hapo ubishi wa kipya na kikuukuu huwa ubishi juu ya nani aweza kwenda utafitini na nani lazima abaki maktabani.

Wapinzani wana hoja mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni ya hifadhi ya mazingira. Husema kwamba Ghana ilitunga kanuni mwaka 2008 ya kuzuia majokofu yaliyotumika yasiingizwe nchini, ikaanza kuitekeleza mwaka 2013, na kwamba mfano huo wafaa kufuatwa. Hoja hii ni ya haki mahali pake. Majokofu yaliyolengwa ni yale ya nyumbani yaliyotupwa na nchi tajiri, yenye kula umeme kwa ulafi na mengine yenye gesi ziharibuzo tabaka la ozoni, ambazo Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 yaliazimia kuzikomesha. Hakuna mwenye akili atakayetetea biashara hiyo. Lakini jokofu dogo la volti 12 ambalo tayari limo nchini ni jambo jingine. Mengi ya haya yana gesi ya R134a, isiyodhuru ozoni lakini yenye nguvu ya kuongeza joto la dunia mara 1,400 hivi kuliko hewa ya ukaa; ndiyo maana mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za jamii yake. Gesi hiyo haimdhuru mtu ikiwa imefungwa katika mabomba mazima. Hudhuru jokofu linapotupwa jalalani na mabomba kukatwa na wauza vyuma chakavu. Alitumiaye jokofu zima mpaka mwisho wake, kisha akampa fundi aijuaye kazi ya kuikusanya gesi, ameyahifadhi mazingira kuliko anunuaye chombo kipya kila mwaka wa pili.

Hoja ya pili ni kwamba wauzaji husema uongo, na mnunuzi wa kitu kikuukuu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Ni kweli wako wauzaji wa namna hiyo. Dawa yake ni kulifungua gunia. Muuzaji mjanja hulipoza jokofu usiku kucha kwa umeme wa nyumbani, mnunuzi akatia mkono ndani, akaona baridi, akalipa. Mnunuzi mwelevu hutaka alikute limezimwa, tupu, na lenye joto la chumba. Huliwasha kwa betri ya volti 12, maana liko jokofu lifanyalo kazi ukutani na kukataa katika gari. Hutia chupa chache za maji na kipimajoto, akakaa saa mbili au tatu. Husikiliza: kompresa yenye afya huvuma taratibu, kisha hunyamaza, ijaribuyo kuwaka mara kwa mara ikashindwa ina maradhi. Hubana karatasi kati ya kifuniko na mpira wake. Karatasi ikitoka bila kushikwa, baridi nayo itatoka. Hutazama viungo vya mabomba kama vina alama za mafuta, ambazo aghalabu ni ushahidi wa gesi kuvuja. Husoma kibao cha nyuma, kwa kuwa jokofu la zamani lenye gesi ya R12 si la kununuliwa kwa bei yoyote.

Uchunguzi huu humlinda mnunuzi, na mara nyingine humpa bahati. Majokofu mengi huuzwa kama mafu, ilhali kilichougua ni waya. Waya mwembamba wa milimita mraba 1.5, ukienda mita 5 kutoka betri mpaka nyuma ya gari na kurudi, hupoteza volti 0.6 hivi kwa ampea 5. Pakiwa na soketi legevu na betri iliyochoka, jokofu huhisi umeme umepungua, hujizima lenyewe ili kuilinda betri, na mwenyewe hulihukumu kuwa bovu. Waya wa milimita mraba 6 hupoteza volti 0.15 tu. Mwenye jokofu huliuza kwa hasira, na mwenye elimu hulinunua kwa furaha.

Haki yataka kundi la pili nalo liambiwe ukweli wake. Wako wapenda rahisi, ambao kwao kila kikuukuu ni neema mradi bei iko chini. Hawa hununua kwa kutazama picha, humlipa dalali kabla ya kuona, kisha hulaani mitumba yote. Lipo jokofu lisilofaa kununuliwa: lile ambalo muuzaji hukataa lisiwashwe, lile lenye kompresa inayogugumia, na lile ambalo limejazwa gesi mara kwa mara wala mahali pa kuvuja hapajatafutwa. Rahisi huzaa ghali, na jokofu la namna hiyo huzaa mapema.

Makundi haya mawili ni ndugu, ingawa hayasalimiani. La kwanza huuliza umri wa kitu, la pili huuliza bei yake, na yote mawili hukwepa kuuliza kitu chenyewe hufanya kazi gani na kwa kiasi gani. Chuoni kosa hili lisingesamehewa. Mwanafunzi akiukataa muswada wa kale kwa kuwa pembe zake zimeliwa na mchwa, au akausifu kwa kuwa ameupata bure, mwalimu humrudisha akausome. Yafaa ofisi za vyuo nazo zirudishwe vivyo hivyo: fomu ya ununuzi iulize jokofu hufika nyuzi ngapi katika joto la nyuzi 38, na huvuta ampea-saa ngapi kwa siku. Chombo kitakachojibu maswali hayo mbele ya mashahidi na kinunuliwe, kiwe kimetoka dukani jana au kimevuka Chalbi mara kumi.