Msuko wa mama: ni nani aliyeacha mila?

Katika mtaa wetu wa Katoyi, mama akikata nywele fupi, ao akisuka mistari sita bila meshi, hafiki soko la Virunga bila kuulizwa: «Eh mama, kuko kilio kwenu?» Mwingine anaongeza kwamba huyu alisha jiachilia, bwana wake ataanza kuangalia pembeni. Kisha anatokea mwenye hekima, mara nyingi mwanaume, anafunga mazungumzo kwa methali: mwacha mila ni mtumwa.

Methali hiyo tunaikubali. Tunachokataa ni kuitupa juu ya kichwa cha mama asiyestahili.

Kwanza tuulizane: ni mila gani? Meshi ni nyuzi za plastiki za kiwanda. Perike inatoka mbali zaidi kuliko sisi wote. Defriza haikujulikana na nyanya zetu. Wao walisukana wenyewe kwa wenyewe, uani, jioni, kwa uzi mweusi na kitana, na hakuna aliyelipa franka. Leo anayerudi kwenye mistari ya nyanya anaitwa mwacha mila, na aliyebeba plastiki kichwani anaitwa mama wa heshima. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wengine wanatuonyesha picha ya Nobosudru, bibi wa sultani Ekibondo wa Wamangbetu, iliyopigwa katika safari ya Citroën ya miaka 1924-1925, na taji lake la nywele linalopanda nyuma ya kichwa. Ni uzuri mkubwa, na tunajivunia. Lakini alikuwa bibi wa sultani! Hatusikii kwamba alikuwa anawahi kazi saa moja ya asubuhi, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Mila ya jumba la sultani si mila ya kila nyumba.

Tuangalie karibu zaidi. Kwa wasemaji wa Kinyarwanda, zamani msichana asiyeolewa alikuwa na amasunzu, nywele zilizokatwa kwa ufundi na kuachwa zisimame kama vilima. Akisha kuwa mama, heshima yake ilikuwa urugori: ukanda wa bua la mtama uliofungwa kichwani. Yaani mapambo yenye kazi nyingi yaliachiwa wasichana, na mama alitambuliwa kwa kitu chepesi kinachotoka shambani. Ndugu zetu wa Tanzania nao wana msuko wa mistari myepesi inayokwenda nyuma, wanauita «twende kilioni». Jina lenyewe linafundisha: habari ya msiba haingoji, mwanamke anasukwa mbio na anaondoka akiwa nadhifu. Na sisi wa Goma, tuliokimbia volkano mwezi wa kwanza 2002 na mwezi wa tano 2021, tuliosikia masasi mjini mwezi wa kwanza 2025, tunajua kuliko wengi maana ya kichwa kisichomchelewesha mtu.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la nne. Mama akikaa saa 6 mbele ya msukaji kila majuma 3, kwa mwaka ni mara 17, ni saa 102: zaidi ya siku 4, mchana na usiku. Hapo hatujaweka bei ya meshi, wala bidoni za maji katika mji ambapo wengi wanayanunua. Hizo saa anazitoa wapi? Kwa usingizi wake, ao kwa daftari la mtoto. Sisi mama tunaofundisha, hayo madaftari tunayaona.

Kuna na afya. Msuko wa kuvuta sana, ukirudiwa mwaka kwa mwaka, unang'oa nywele za pembeni ya paji la uso, na mara nyingine hazirudi tena. Defriza nyingi zina soda kali inayoweza kuunguza ngozi. Mwezi wa kumi 2022, watafiti wa serikali ya Marekani waliofuata wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11 walitangaza kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata kansa ya kizazi mara mbili na zaidi kuliko wasiozitumia. Hawakusema kwamba dawa pekee ndiyo chanzo. Lakini mwenye akili akisikia hivyo anasimama kwanza.

Watatujibu kwamba misuko mirefu inaweza kukaa wiki nyingi, kwa hiyo inapumzisha. Kwa wengine ni kweli. Anayeipenda aisuke, bila kuvutwa, na kwa pesa isiyo ya minerval ya mtoto. Hatupigani na wasukaji pia: ni mama kama sisi, wanalisha nyumba kwa vidole vyao. Mistari myepesi nayo ni kazi yao, na inastahili malipo.

Na wepesi si ubaya wa sura. Mwenye uso wa mviringo, mistari ipande juu na ikutane utosini: uso unarefuka. Mwenye uso mrefu, mistari ilale pembeni. Nywele fupi, zikikatwa vizuri na kupakwa mafuta kidogo, zinaonyesha shingo na macho, na zinaingia ndani ya kaske ya moto bila ugomvi. Vumbi letu jeusi la volkano linaoshwa kwa maji kidogo. Usiku, kitambaa kichwani, basi.

Kwa hiyo, ninyi wenye kuuliza kama kuko kilio: shule nyingi zinawaomba wasichana wasuke msuko mwepesi ao wakate, na hakuna anayesema kwamba wamefiwa. Kilichokuwa usafi kwa binti kisiwe aibu kwa mama yake. Na ninyi wababa mnaotetea mila kwa sauti, jioni moja chukueni bidoni, mchote maji, mbebe mtoto, mama akae uani asukwe na jirani yake. Hiyo nayo ni mila, na ndiyo tunayoililia.