Kokoto Ndizo Zinawachoma

Wasee, niseme bila ubaya. Treni zenu ndogo ni kali, lakini kokoto mnazomwaga kwa reli zinawachoma.

Hesabu ni rahisi. Kwa modeli ya 1:87, kokoto halisi ya milimita 50 inafaa kuwa kama nusu milimita tu. Wewe umemwaga changarawe ya tangi la samaki, ya milimita 3. Hayo ni mawe ya ukubwa wa kichwa cha dereva!

Mimi huchekecha vumbi la kokoto kwa kichungi cha chai (nunua chako, usiibe cha mathe), napanga na brashi, halafu nadondosha gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji na tone la sabuni. Rangi pia ni muhimu. SGR ya 2017 inataka kijivu. Reli ya zamani, iliyofika Nairobi 1899, inataka kutu na madoa ya mafuta.

Nilipoacha chuo, mjomba alisema nacheza. Yeye alifanya kazi relini miaka mingi. Juzi aliinama mezani, akagusa doa jeusi. "Hapa injini husimama, sindio?"

Injini yenyewe hata hakuiangalia.

So kabla ununue injini ingine, nunua kichungi.