Meza Nyingi, Mfuko Mmoja



Tunaambiwa mara kwa mara na vijana wetu kwamba kubahatisha kwa simu ni kazi kama kazi nyingine. Hututajia wachezaji wa poka ya mtandaoni huko Ulaya na Marekani, wanaofungua meza nne, nane au zaidi kwa wakati mmoja na kupata riziki yao humo. Basi hapa Kiabakari, poka isipozoeleka, kijana huandika mikeka mitano ya mpira huku akikitazama kile kindege cha Aviator, ameweka madau mawili katika mruko mmoja.

Hoja hiyo hatuikubali. Mcheza poka hushindana na wachezaji wenzake, naye mwenye meza hujikatia ushuru. Aliyewazidi wenzake kwa ustadi, meza nyingi humwongezea faida yake ndogo. Asiyewazidi, humwongezea hasara. Lakini katika Aviator utamzidi nani? Watengenezaji wake wenyewe hutangaza kwamba mchezo hurudisha, kwa wastani, asilimia 97 ya madau. Anayeweka shilingi 500 kwa miruko 200 ameweka 100,000, na kwa wastani ameacha 3,000. Akiweka madau mawili kila mruko, ameacha 6,000 usiku uleule. Amezidisha nini, isipokuwa mwendo wa kufilisika?

Watatujibu kwamba fulani alishinda. Wapo walioshinda. Hata enzi za ukoloni, dhahabu ilipochimbwa hapa, wapo waliopata; na aliyekosa alibaki walau na shimo.

Katekisimu, namba 2413, haisemi kwamba michezo hii ni kinyume cha haki kwa yenyewe. Yasema haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wengine. Nasi tunauliza: fedha ya mbegu za pamba ni ya nani? Na ya sare za watoto? Sheria ya mwaka 2003 inawakataza walio chini ya miaka 18, lakini laini iliyosajiliwa kwa jina la baba haitambui ni kidole cha nani kinachobonyeza.

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, msiishie kuwakemea vijana. Mikeka mingi huandikwa na baba wa familia, na baadhi yao huketi mabenchi ya mbele.