Ufagio Usingoje Mgeni Mkubwa

Hapana mkazi wa Tabora asiyelijua jambo hili. Ikisikika kwamba kiongozi anakuja ziara, siku mbili kabla yake mji mzima hutoka nje. Mitaro huzibuliwa, mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa, majani hufyekwa, na hata wale ambao kiongozi hatapita karibu nao hufagia viwanja vyao. Kiongozi akiisha kwenda zake, ufagio nao hurudi nyuma ya mlango. Baada ya majuma matatu maji machafu yanasimama tena mbele ya nyumba, na ukimwuliza mwenyewe sababu atakujibu, "Ndugu yangu, moyo umechoka."

Sisi twaona moyo umesingiziwa. Mtu anayefagia ili aonwe na mkubwa, mkubwa akiondoka hana tena sababu ya kuinama. Na kazi hii ya nyumba ina udhia wake, kwa kuwa haiishi. Mkeka uliokung'utwa leo una mchanga kesho, hasa hapa kwetu wakati wa kiangazi, upepo unapotuletea vumbi la mashamba yote. Kazi ya namna hiyo yataka mazoea, na mazoea yataka mtu wa kutazamiwa, ambaye aweza kubisha hodi siku yoyote.

Wazee wetu walikuwa naye mtu huyo. Njia ile ya kutoka Bagamoyo, kupita Mpwapwa na Ugogo hata Tabora na Ujiji, ilileta wageni pasipo barua wala simu. Misafara ya mamia ya watu ilipita, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe, ambao leo ni wageni wa watu na kesho ni wenyeji. Vijiji vya Unyamwezi vilikuwa na iwanza, nyumba ya mazungumzo ya wanaume, na humo mpita njia aliweza kutua mzigo na kulala. Mwingereza Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, pamoja na Speke mwezi wa Novemba 1857, ameziandika nyumba hizo katika kitabu chake. Iwanza haikuwa na kochi wala dari. Twalitaja hilo kwa ajili ya ndugu fulani fulani, ambao tangu wajenge hawajamkaribisha mtu ndani kwa kuwa "nyumba haijaisha", nao marafiki zao huwakuta baa.

Hata hivyo historia hii tusiimeze bila kuitafuna. Kule Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe ambalo sasa ni makumbusho. Huko Kwihara ndiko alikokaa Stanley mwaka 1871 kabla ya kwenda Ujiji, na ndiko alikomwacha Livingstone mwezi wa Machi 1872, naye Livingstone akangoja wapagazi wake hata mwezi wa Agosti. Watoto wa shule hupelekwa kulitazama tembe hilo, na swali lao ni lile lile: nani alilala hapa? Twapenda walimu wawafundishe kuuliza na swali la pili: nani alifagia hapa? Katika majumba ya matajiri wa Unyanyembe, waliochota maji, wakafagia ua na kupika chakula cha mgeni, walikuwa watumwa. Wazungu waliandika sifa za mwenye nyumba aliyewapokea vizuri, kama Snay bin Amir aliyempokea Burton, lakini aliyeshika ufagio hakuandikwa jina. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922.

Je, leo ufagio umeshikwa na nani? Kazi ya Chama hutuingiza katika nyumba nyingi. Tumeziona zilizo safi mno, sakafu inang'aa, baba anatupokea kwa bashasha na kutusomea habari za maendeleo. Nyuma ya pazia yupo binti mmoja, pengine wa miaka kumi na minne, aliyetoka kijijini kwa ahadi kwamba atasomeshwa. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri, na hulala wa mwisho. Pengine ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo, ambaye kaka zake wanafanya hesabu mezani naye anaosha vyombo vyao. Mwenye nyumba hiyo atajisifu kwamba yeye hachoki kuwa msafi. Hawezi kuchoka, maana hajaanza. Siku binti yule akirudi kwao, ndipo utakapoijua nyumba ile ilivyo.

Hatusemi kwamba watu wetu hawawezi kuivumilia kazi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakatoka pamoja kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Kila mtu alijua kwamba juma lijalo atakutana tena na jirani zake, nao watamwuliza choo chake kimefika wapi. Udhuru wa maji, uliokuwa mkubwa hapa kwetu, nao umepungua tangu maji ya Ziwa Victoria yalipofikishwa Nzega, Igunga na Tabora mjini, ingawa twajua si kila nyumba imepata bomba.

Chama kinayo mashina ya nyumba kumi tangu miaka ya 1960. Twashauri kikao cha shina kisikae mahali pamoja tu, bali kizunguke nyumba kwa nyumba, kila juma mlango mwingine. Mwenye nyumba atoe mahali pa kukaa na maji ya kunywa, basi. Soda na pilau zikatazwe kabisa, kwani mmoja akianza kupika, jirani yake mnyonge ataona haya zamu yake ikifika, atatafuta safari. Kufagia ua siku hiyo kufanywe na baba na wanawe wa kiume, na vikombe vioshwe na hao hao.

Chuoni, tulipokuwa tukisomea ualimu, tuliona kwamba zamu za bweni hudumu pale jina la mkubwa wa bweni linapokuwa la kwanza katika orodha. Basi orodha ya shina nayo ianze na balozi mwenyewe, afuate katibu wa tawi ikiwa anakaa hapo. Kikao kiwe saa kumi jioni, na yule binti wa nyuma ya pazia aitwe, akae mkekani pamoja na watu, aulizwe anasoma darasa la ngapi.